Jua Halileti Wazimu wa Mbwa

Mafundisho kwa wamama wanaokuja kliniki, Masisi na Walikale

Mketi vizuri, mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, kelele ipungue kidogo. Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya kadi ya kipimo. Leo tutasema juu ya mbwa.

Naona wengine wanacheka. Mama mmoja ananong'ona kule nyuma: "Hapa ni hospitali ya watu, imbwa inatafuta nini humu?" Cheka, mama, lakini usikilize mpaka mwisho. Mbwa anayelala karibu na jiko lako anacheza na mtoto wako kila siku. Akiwa mzima, analinda nyumba. Akiwa mgonjwa, anaweza kumwua mtoto. Ndiyo sababu tunasema juu yake hapa.

MBWA ANAYEKUJA MWENYEWE

Mnajua ninyi wenyewe namna watu walivyokimbia. Tangu mwaka wa 2022 vijiji vingi vya Masisi vimehama, vikarudi, vikahama tena. Mwezi wa tatu wa mwaka 2025 vita vilifika hata Walikale-centre. Mtu akikimbia na mtoto mgongoni, godoro kichwani na bidoni mkononi, hana mkono wa kushika kamba ya mbwa. Mbwa anabaki mlangoni akingoja wenyewe. Mwingine anafuata watu njiani, na wakifika mbali anapotea kati yao.

Basi asubuhi moja unafungua mlango, unaona mbwa mwembamba amelala kwenye majivu ya jiko. Watoto wanamtupia kipande cha muhogo. Siku ya tatu wamekwisha kumpa jina. Hivyo umepata mbwa, hata kama hukumtafuta.

Katika miji mingine kuna nyumba za kulea mbwa walioachwa. Kule Nairobi, nchi ya Kenya, chama kinachoitwa KSPCA kina nyumba ya namna hiyo. Mtu anayetaka mbwa anakwenda pale, anachagua mmoja aliyekwisha kuangaliwa na muganga wa nyama. Kwetu ni kinyume: mbwa ndiye anayekuchagua, na hakuna aliyemwangalia kabla yako. Kwa hiyo kazi ya kumwangalia ni yako, mama.

NENO MOJA LA KUSHIKA LEO

Wazee wengi wanasema: "Jua kali likipiga imbwa sana, inapata wazimu." Si sisi tu tunaosema hivyo. Hata Ulaya, watu wa zamani waliogopa mbwa wakati wa joto kuu, wakafikiri joto ndilo linalowapa wazimu.

Si kweli. Wazimu wa mbwa, ugonjwa ambao wengi wanauita raji, hautoki kwa jua, wala kwa kiu, wala kwa njaa, wala kwa uchawi wa jirani. Ni kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa mgonjwa akimwuma mwingine, kijidudu kinaingia kwa jeraha. Akimwuma mtoto, ni vile vile. Kinaweza kuingia hata kwa kukwaruzwa na kucha, au kama mbwa mgonjwa analamba kidonda, mdomo au jicho.

Jua nalo lina ugonjwa wake. Mbwa aliyekaa kwenye joto bila maji anaugua, anaweza hata kufa siku ile ile. Lakini huo ni ugonjwa wa joto, si wazimu.

Kwa nini tunashikilia neno hili? Kwa sababu kuchanganya magonjwa haya mawili kunaleta hasara mbili. Ya kwanza: mbwa mwenye kiu tu anapigwa mawe mpaka kufa. Ya pili ni mbaya zaidi: mbwa mwenye wazimu wa kweli, watu wanasema "ni jua tu," na mtoto anampelekea maji.

TUCHUKUE MFANO

Ni saa saba mchana, kiangazi. Mama anatwanga sombe. Mtoto wake wa miaka sita anaona mbwa mgeni amesimama penye jua, mdomo wazi, mate yanatoka, miguu inatetemeka.

"Mama, ile imbwa iko na kiu!"

"Umupe mayi basi, mwanangu," mama anajibu bila kuinua kichwa.

Mtoto anachukua bakuli, anasogea na kuinama. Mbwa anamwuma kidole, halafu anakwenda zake. Jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Mtoto analia kidogo. Mama anamfuta kwa kitenge, anaweka jiwe nyeusi juu ya jeraha, anasema: "Nyamaza, ilichokozwa na jua."

Jeraha linapona. Mwezi mmoja unapita, na wa pili. Siku moja kidole kinaanza kuwasha tena. Mtoto ana homa, anaogopa, halali. Analetewa maji, koo linajifunga, anayasukuma kwa hofu. Sasa mama anakimbia hospitali. Lakini alama hizi zikiisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Muganga anaweza tu kumpunguzia maumivu.

Mama huyo hakuwa mbaya. Yeye na mtoto wake walikuwa na huruma. Kosa lilikuwa neno moja lisilo kweli: "ni jua tu." Kila mwaka wazimu wa mbwa unaua watu karibu 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa.

NAMNA YA KUPAMBANUA

Mbwa aliyepigwa na joto: Ulimwona mzima asubuhi. Amekaa kwenye jua, au amekimbia sana, au amefungwa pasipo kivuli. Anahema upesi upesi, ulimi ni mwekundu na mrefu, mate yanatoka, anayumbayumba, pengine anatapika. Akipata kivuli na maji, mara nyingi anaanza kupata nafuu.

Mbwa mwenye wazimu: Tabia yake imebadilika kwa siku moja, mbili au tatu, mchana na usiku, kwenye jua na kwenye mvua. Aliyekuwa mpole anauma bila kuchokozwa. Aliyekuwa mkali anajificha gizani kama mgonjwa. Anauma miti, mawe, udongo. Sauti yake inabadilika. Taya linaning'inia, hawezi kumeza, mate yanashuka kama uzi. Mwisho miguu inalegea, na anakufa baada ya siku chache.

Angalia sana: watu wengine wanasema, "Imbwa ya wazimu inaogopa mayi, hii imekunywa, basi ni nzima." Usiamini hivyo. Ni binadamu mgonjwa anayeogopa maji. Mbwa mwenye wazimu anaweza kujaribu kunywa, anaweza hata kuvuka mto.

Na hata sisi waganga hatuwezi kujua kila mara kwa kutazama tu. Kwa hiyo sheria ni moja: mbwa usiyemjua, mwenye mate na anayeyumba, usimguse. Waite watoto waingie nyumbani. Ukitaka kumsaidia, weka maji chini kwa mbali, kisha ondoka. Mwambie mkuu wa kijiji. Usitie mkono mdomoni mwake hata kama unafikiri mfupa umemkwama kooni.

KAMA UNATAKA KUMKUBALI

Kwanza jiulize: nina chakula? Chakula cha mtoto si cha mbwa. Kama nyumbani watoto wanalala njaa, si dhambi kumwacha mbwa aende kwa jirani mwenye uwezo. Lakini usimkubali nusu nusu, leo unampa, kesho unampiga fimbo.

Pili, uliza majirani na mkuu wa kijiji: ni mbwa wa nani? Alimwuma mtu? Aliumwa na mbwa mwingine? Pengine mwenyewe atarudi kutoka kambini na kumtafuta.

Tatu, siku za kwanza watoto wasimkumbatie, wasilale naye, wasimsumbue akila. Mama umpe chakula mwenyewe, ukimtazama.

Nne, achanjwe. Uliza muganga wa nyama, ao ofisi ya kilimo na ufugo ya teritwari, siku gani wanachanja mbwa. Chanjo inarudiwa kwa wakati wanaokuambia, mara nyingi kila mwaka. Weka karatasi yake pamoja na kadi za watoto. Lakini ujue: kama mbwa alikwisha kuumwa na mwenye wazimu kabla ya kuja kwako, chanjo haitamponya. Ugonjwa unaweza kujificha ndani yake kwa wiki nyingi, hata miezi. Endelea kumwangalia.

Wengine wanasema ni bora kuua mbwa wote wa kijiji. Hilo halimalizi ugonjwa. Mbwa wengine wanakuja kuchukua nafasi yao, nao hawana chanjo. Kule kisiwa cha Pemba, nchi ya Tanzania, ugonjwa huu ulikomeshwa kwa kuchanja mbwa. Uliporudi kisiwani, walichanja tena, ukaisha tena. Mbwa saba katika kila kumi wakiwa na chanjo, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

KUMTUNZA WAKATI WA JOTO

Sisi watu tukisikia joto tunatoka jasho mwili mzima, na jasho linapoza ngozi. Mbwa hana jasho kama letu; anatoka jasho kidogo tu chini ya nyayo. Anajipoza kwa kuhema, mdomo wazi. Hewa inapita juu ya ulimi wenye maji, joto linatoka.

Hapo Masisi na Walikale si sawa. Masisi iko juu, usiku ni baridi, lakini jua la mchana wa kiangazi linachoma. Walikale iko chini, katika msitu. Hewa ina maji mengi, na nguo hazikauki upesi. Mahali kama pale, hata kuhema hakumsaidii mbwa vizuri, kama vile nguo zako zisivyokauka. Mbwa aliyezaliwa milimani akishuka na watu mpaka Walikale, siku za kwanza anaweza kuugua upesi. Mpe wiki mbili za kuzoea, asikimbizwe.

Basi fanya hivi:

1. Maji. Chukua chungu kilichopasuka mdomo au sahani ya zamani, iwe ya mbwa tu. Iweke penye kivuli. Mwaga na ubadilishe kila siku, ili maji yawe safi na mbu wasizae ndani. Kama maji yako ni ya bidoni moja tu, maji uliyooshea mchele au ndizi bila sabuni yanafaa kwa mbwa.

2. Kivuli. Kivuli kinatembea. Mti uliompa mbwa kivuli saa tatu asubuhi, saa nane unamwacha juani. Kama unamfunga, kamba iwe ndefu, afikie kivuli na maji saa zote. Usimfungie mchana katika nyumba ndogo ya mabati iliyofungwa, wala katika hema la plastiki. Unajua mwenyewe namna unavyotoka humo ukikimbia na mtoto.

3. Kazi. Anayekwenda naye shambani au kuwinda aende asubuhi mapema. Wawindaji wa Walikale wanaowafunga mbwa kengele shingoni wanajua kwamba mbwa wa kuwinda hasimami mwenyewe. Anafuata nyama mpaka aanguke. Bwana ndiye wa kusema imetosha.

4. Wadhaifu kwanza. Watoto wa mbwa, mbwa mzee, na mbwa anayenyonyesha wanashindwa na joto upesi. Ninyi wamama mnajua: anayenyonyesha ana kiu mara mbili.

Mbwa wako unayemjua akipigwa na joto, usingoje. Mwondoe juani. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee kwa sahani au kitenge. Usimfunike nguo yenye maji ukaiacha juu yake, maana inashika joto. Aone maji karibu, anywe mwenyewe kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Na hata huyu wako, usiweke uso wako karibu na mdomo wake. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumwuma hata anayempenda.

Tena, mbwa analeta viroboto, funza na minyoo. Zoa mavi yake uyafukie mbali na kisima na mahali watoto wanapocheza. Fagia anapolala. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa wakiisha kucheza naye. Asilambe sahani za watu.

MBWA AKIMWUMA MTU

Hapa sikilizeni wote, hata mwenye kusinzia aamshwe.

Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Si kufuta, ni kuosha, maji yakipita juu yake. Kama hakuna saa, imba nyimbo tatu au nne za kanisa mpaka mwisho, ukiosha bila kuacha. Sabuni inaua kijidudu kingi kabla hakijaingia.

Usiweke jiwe nyeusi, wala makaa, wala pilipili, wala petroli, wala majani. Usishone jeraha nyumbani wala kulifunga kwa nguvu.

Kisha njoo kituo cha afya siku ile ile. Usingoje siku ya soko. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Usiseme jeraha ni dogo. Kama kituo chako hakina chanjo, uliza pale pale: "Iko wapi?" Waombe wapige simu, wakupe karatasi ya kukutuma. Sindano si moja. Utaambiwa siku za kurudi, na usikose hata moja. Jeraha lililotoka damu linahitaji pia dawa nyingine, serumu, inayowekwa penye jeraha.

Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wanaweza kupigwa chanjo hii. Haidhuru mimba wala maziwa. Mama asikatae kwa hofu hiyo.

Na mbwa? Kama ni wa nyumbani na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe upesi. Mfungeni, mmwangalie siku 10. Kama baada ya siku 10 yu mzima, hakuwa na kijidudu katika mate siku ile alipouma, na muganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini sindano zianze kwanza. Akifa, msile nyama yake wala kumchuna. Mwambie muganga wa nyama.

Msifikiri chanjo hii ni ya kujaribu. Tarehe 6 mwezi wa saba mwaka 1885, kule Paris, mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliletwa na mama yake kwa Louis Pasteur, ameumwa na mbwa mara nyingi. Alipigwa sindano siku kwa siku, akaishi mpaka akawa mtu mzima. Ona: mama yake hakungoja. Alimfikisha siku mbili baada ya kuumwa, na ndiyo maana dawa ilimkuta mapema.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

Ukirudi, uliza watoto wako, na baba yao pia:

Jua linaweza kuleta wazimu wa mbwa? – Hapana. Unatoka kwa mate ya mnyama mgonjwa.

Mbwa mgeni mwenye mate yuko njiani, tunafanya nini? – Hatumgusi, tunaita mkubwa.

Mbwa ameniuma na sitaki mama anipige. – Sema tu. Hakuna atakayekupiga.

Hili la mwisho, wamama, ni lenu. Watoto wengi wanaficha jeraha kwa sababu walikatazwa kucheza na mbwa. Waambie leo jioni, kabla halijatokea: mwenye kuumwa asiogope kusema. Fimbo yako inaweza kuficha ugonjwa ambao sabuni ingeuzuia.

Katika Kitabu cha Tobia tunasoma kwamba kijana alisafiri na malaika, na mbwa wake akawafuata njiani. Mbwa anaweza kuwafuata watu wema, na watu wema wanaweza kumtunza. Mpe maji, mpe kivuli, mpe chanjo. Na siku akiuma, usiseme ni jua. Chukua sabuni, halafu chukua njia ya hospitali.

Mungu awalinde ninyi na watoto. Sasa tuanze kupima; aliyefika wa kwanza alete kadi.